Taa Nyuma ya Shuka

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na hata wewe ukizipokea salamu hizi kwa mkono wa kushoto, mradi zimefika. Habari za afya yako? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimekuachia? Baba watoto wako naye, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Nasikia mwanao wa mwisho anainama kupita mlangoni. Urefu huo ni wa kwetu, asikudanganye mtu.

Sisi huku ni wazima, ukiondoa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako hajambo, ananenepa tu. Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Hupokei, na miaka tisa ya kununa si mchezo, sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la saba na mwandiko wa kuku aliyefukuzwa. Nakuomba usiichane barua hii kabla ya kufika mwisho, kwa sababu inahusu cherehani ya mama. Aliyeiiba amejulikana, na si wewe. Shemeji yako, ambaye aliapa kwamba hutakanyaga kizingiti chake, ameona kwa macho yake mawili, mbele za watu wasiopungua arobaini.

Sasa kaa vizuri nikuhadithie, na itabidi nianze na mwanangu. Utasema dada ameanza majivuno yake. Ndiyo, nimeanza.

Ulimwacha binti wa miaka kumi na minne mwenye magoti ya vumbi. Leo ni mpambaji wa sherehe za majumbani, na si mpambaji wa kubahatisha. Mtu akitaka kusherehekea siku ya kuzaliwa, au mtoto amefaulu, au wageni wanakuja, anaitwa yeye. Wengine hupakia gari zima maua ya plastiki. Mwanangu anaingia na kapu moja, mkasi na pini. Kwanza anasimama katikati ya sebule amekunja mikono kama daktari, kisha anaanza kutoa vitu nje. Husema kupamba ni kuondoa kwanza, kuongeza baadaye. Kalenda za miaka mitatu iliyopita zinatoka, picha zilizopinda zinatoka, viti vibovu vinatoka. Halafu anachagua rangi mbili, hataki ya tatu hata ukimlilia. Chupa za jamu anaziosha, anatia maji na majani mabichi aliyoyakata nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Chini ya kitambaa cha meza anaficha maboksi ya viatu, ili sahani nyingine zikae juu na nyingine chini, na jicho la mgeni lipate ngazi ya kupanda. Magazeti ya zamani anayakunja kama vipepeo vya kujipepea, anayapaka rangi, anayabandika ukutani, na unaweza kuapa yametoka dukani. Tawi kavu, ambalo wewe na mimi tungewashia moto, analipaka chokaa na kulitundikia vipande vya karatasi, na watu wanapanga foleni kupiga picha. Mtaani kwetu siku hizi hawaniiti jina langu. Wananiita Mama Mpambaji, na mimi naitika hata kabla hawajamaliza.

Lakini kazi yake kuu ni mashuka. Shuka jeupe, jepesi, limepigwa pasi, linaning'inia toka darini mpaka sakafuni. Ukuta mchafu unapotea, mlango mbovu unapotea. Hapo ana sheria moja aliyonifundisha siku ya kwanza nilipoanza kwenda naye kumsaidia: taa zote hukaa mbele ya shuka, zikilimulika, kamwe si nyuma yake. Ukiweka taa nyuma, shuka linageuka kioo cha sinema. Alilijua hilo kwa kuumbuka. Katika kazi zake za mwanzo alisahau taa nyuma, na mjomba mmoja wa nyumba ile alikuwa amejificha huko na sinia la nyama. Watu wote wakaona kivuli cha taya likipanda na kushuka, kubwa kama la ng'ombe, mpaka mtoto mmoja akauliza mjomba anatafuna nani.

Na ana sheria ya pili, ambayo ni ya heshima. Anasema mwenye nyumba akikuruhusu kupita nyuma ya shuka lake, amekuvulia nguo. Unayoyaona huko unayaacha huko huko. Shika hiyo, nitairudia.

Shuka hizo hizo, mdogo wangu, unazikumbuka zilivyoanza. Kaka yake alipofaulu, mwanangu akatundika shuka zetu za kitandani sebuleni na kuzibandika maua ya karatasi. Akaingia wifi yangu, dada wa shemeji yako, Mama Funguo, na lile rundo la funguo kiunoni kama askari jela. Akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kama hii ni sherehe au ni siku ya kufua, maana anaona tumeanika. Watu wakacheka. Mtoto akashusha shuka zake moja moja, machozi yakidondoka juu ya karatasi. Wewe ndiye uliyemkalisha mapajani, mtoto mkubwa vile, ukamfuta. Mimi nilicheka pamoja na wageni ili wifi asione nimeumia. Kicheko kile kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na toka siku ile niliweka nia kwamba mwanamke huyu nitamlipa, hata kama nitamlipa nikiwa na mkongojo.

Mwaka uliofuata ndipo cherehani ya mama ilipotoweka nyumbani kwangu, na Mama Funguo akaleta ushahidi wake kwamba alikuona kituoni umebeba furushi zito. Mengine unayajua kuliko mimi.

Basi mwezi uliopita mume wa Mama Funguo alistaafu. Yule ni mtu wa watu, mpole kama maji ya mtungini, sijui ilikuwaje akaingia nyumba ile. Wenzake wa ofisini wakataka kuja kumuaga nyumbani. Mama Funguo akaona sebule yake haifai kuonekana na mabosi, na kila mtu aliyemuuliza alimtajia mpambaji mmoja tu. Akaja kwangu. Alikaa ukingoni mwa kochi kama anaogopa chawa, akasema eti damu ni damu, mtoto wa kaka ni mtoto wake. Mwanangu, aliyezaliwa na moyo mpana kuliko mimi, akakubali kabla sijameza mate. Baadaye nikamuuliza kama amesahau siku ya kufua. Akanijibu kwamba hajasahau, ndiyo maana anataka kwenda kuanika vizuri zaidi.

Tulifika asubuhi. Mwanangu akakunja mikono, akatazama, akasema vitu vya kule mwisho wa sebule vitoke. Maana stoo ilikuwa imefunguliwa kupisha kreti za soda, na rundo lote la stoo lilikuwa limesogezwa pale: magodoro, feni zilizokufa, ndoo zisizo na mishikio, maboksi yamefungwa kamba. Mama Funguo akakataa. Akasema visiguswe hata kimoja, tufunge tu shuka mbele, si ndiyo kazi tunayojisifia. Alisema hivyo akizichezesha funguo. Mtu akikukataza kuondoa takataka, mdogo wangu, ujue takataka hizo zina jina.

Lakini wakati huo sikuwaza lolote. Nilikuwa nyuma ya shuka, nimepiga goti langu bovu, nabana pindo la chini kwa pini. Nyonga yangu ikagonga kitu, blanketi likateleza, nikanyoosha mkono nizuie kisianguke. Mkono wangu ulikijua kabla ya macho. Ulishika ule mshikio wa kuzungushia, wa mti, ambao baba alituchongea ule wa chuma ulipovunjika, akaufunga kwa waya mara tatu. Nikashusha blanketi polepole. Ilikuwa yenyewe. Hata kovu la pasi ubaoni, lile ulilolitia wewe ukapigwa kwa ajili yake, lilikuwepo. Vumbi limeilalia, hata uzi hakuwahi kuupitisha kwenye sindano. Panya anaiba ili ale. Huyu aliiba ili mimi nisiwe nayo, kwa sababu majirani walikuwa wakizisifu sare nilizoshona.

Nilikaa chini sakafuni. Nilisikia mwanangu upande wa pili akiimba taratibu, anapanga chupa. Ningeweza kupiga kelele pale pale. Lakini angekuwepo nani? Mimi, mwanangu na yeye. Ndani ya dakika tano angekuwa na maelezo, na jioni shemeji yako angeniambia nimwache dada yake na siku yake. Neno la kukuita mwizi lilisemwa mbele ya ukoo mzima. Nikaona nalo lake lisisemwe chumbani.

Nikairudishia blanketi, nikatoka, nikaosha mikono, nikaendelea kukunja vitambaa vya mezani. Mama Funguo akanipitia akaniuliza mbona nimepauka. Nikamjibu ni njaa. Akaniambia chakula ni cha wageni.

Saa kumi mwanangu alikwenda nyumbani kubadilisha nguo. Sebule ilikuwa nyeupe na kijani, majani kila meza, sahani zimepanda ngazi, viti vimefungwa utepe mmoja mmoja mgongoni. Mama Funguo mwenyewe alitembea kidole mdomoni, akakosa pa kutoa kasoro. Nikabaki peke yangu. Nikapita nyuma ya shuka. Nikaisogeza cherehani mpaka katikati, nikaipandisha juu ya boksi gumu, nikaivua blanketi. Kisha nikachukua taa moja ya kusimama kutoka mbele, ile ambayo mwanangu alikuwa ameielekeza kwenye shuka, nikaivutia nyuma kwa waya wake na kuiweka hatua moja nyuma ya cherehani.

Mwanangu alirudi wageni wamekwisha kujaa sebule; wakala, wakasifu. Shemeji yako alikaa mbele, karibu na mstaafu. Mwanangu ana kawaida yake: hotuba zikianza, taa kubwa ya darini inazimwa, na taa zake zote zinawashwa kwa swichi moja. Ni hapo watu husema aa. Mama Funguo akasema swichi ataibonyeza yeye, maana nyumba ni yake. Kwanza akahutubia. Akasema nyumba hii ina baraka kwa sababu haijawahi kuingiwa na kitu cha dhuluma. Nakuapia alisema hivyo, mimi nisingeweza kumtungia. Halafu akabonyeza.

Wakasema aa, kisha wakanyoosha shingo. Katikati ya shuka jeupe kilikuwa kimesimama kivuli cha cherehani, kikubwa kama mbuzi, shingo yake, gurudumu lake, na mshikio wa baba umechomoza kama kidole kinachoonyesha. Mzee mmoja aliyekuwa fundi nguo wa ofisi yao akacheka, akasema mwenye nyumba kumbe ametuletea na sinema. Akaongeza kwamba cherehani za namna ile zimekuwa adimu, ila huo mshikio haujui, fundi gani alitia mshikio wa mti. Watu wakacheka tena. Shemeji yako hakucheka. Alikuwa amewahi kuufunga upya ule waya kwa mikono yake, ulipolegea. Akasimama, akapita katikati ya viti, akalishika shuka na kulivuta upande mmoja kama pazia la dirisha.

Akauliza taratibu hii ni ya nani. Mama Funguo akasema ni yake. Shemeji yako akaweka kidole kwenye kovu la pasi. Mama Funguo akasema aliinunua kwa mpita njia, hakujua. Shemeji yako akaweka kidole kwenye waya. Dada yake akasema basi aliichukua kuitunza isipotee. Maelezo matatu, na soda ya mstaafu ilikuwa haijaisha povu. Mwisho shemeji yako akamuuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia toka tuoane, ni furushi gani basi aliloliona kituoni. Mama Funguo akatazama sakafu, akasema labda zilikuwa nguo.

Labda zilikuwa nguo. Miaka tisa yako, mdogo wangu.

Sikufichi, utamu wake niliula kama asali, nikalamba na vidole. Nilimtazama akivua zile funguo kiunoni na kuziweka mezani, kati ya chupa za majani, sijui kwa nini, kama mtu anayekabidhi ofisi. Wageni walitafuta viatu vyao. Kilichoniuma ni mume wake tu. Alibaki amekaa na zawadi yake mapajani, hajaifungua, akiwaambia watu asanteni kwa kuja, asanteni kwa kuja. Siku yake niliiharibu mimi, na hana kosa.

Na mwanangu alijua papo hapo. Taa zake huzihesabu kama mama anavyohesabu watoto. Tulipofika akaniambia watu wataona amefanya kosa la mtu anayejifunza kazi, na hilo atalivumilia. Lakini mimi nimepita nyuma ya shuka la mtu na kumtoa uchi, na kesho nani atamfungulia mlango. Kazi mbili zilizofuata alikwenda bila mimi. Kapu lake analibeba mwenyewe.

Sasa nakuja pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Tulipokuwa tunatoka usiku ule, shemeji yako ametangulia na cherehani begani, Mama Funguo alinishika mkono mlangoni. Hakulia wala hakutukana. Aliniambia sikioni: wifi, mimi nilichukua chuma, jina la mdogo wako ulilitoa wewe.

Ni kweli. Siku cherehani ilipopotea tulikuwa wawili jikoni, mimi na yeye. Yeye alikuwa kimya, sasa naelewa kwa nini. Mimi ndiye niliyesema lazima umeichukua wewe, kwa sababu mama alikuahidi. Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa na donge. Nilimuuguza mama miaka miwili, nikamgeuza kitandani, nikamlisha kwa kijiko, na siku ya mwisho akafumbua macho na kusema cherehani ni ya mziwanda. Hakunitaja. Basi ilipopotea, nilitamani uwe wewe. Wifi alilidaka jina lako kama mpira, akaongeza furushi na kituo, akampelekea kaka yake. Nami nikamwacha. Ulipokuja kuapa mbele yangu nilikutazama machoni na nilijua kwamba sijui, nikanyamaza. Miaka yote hii nimewaambia watu ni mdomo wa wifi uliokuchoma. Kuni nilipanga mimi.

Angeweza kulisema hilo sebuleni, mbele ya wote, nikaanguka naye. Hakusema. Sijui kwa nini, na silipendi wazo la kumshukuru. Sijamsamehe. Sufuria yake nimemrudishia kwa mkono wa mtu, na akifa kabla yangu nitakwenda kuhakikisha tu. Ila kisasi nilichokipika kimebaki nusu chunguni, na nusu hiyo ni yako juu yangu. Una haki nayo.

Usidhani nakuandikia kwa siri. Jana baada ya chakula cha mchana nilimpa shemeji yako barua hii aisome mpaka hapo juu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Alisema nikuandikie kwamba kizingiti kile hakina tena kiapo, na kwamba atakuomba radhi mwenyewe, ana kwa ana, hataki nimsemee. Kuhusu mimi alisema nitajitetea mwenyewe. Toka jana analala chumba cha watoto.

Barua hii anaileta mwanangu, pamoja na cherehani. Nimeipangusa na kuitia mafuta, inazunguka bila kelele. Mpokee vizuri, mama yake mdogo ni wewe. Kama nyumba yako ina ukuta usioupenda, mwambie, atautazama.

Wasalimie watoto wote, mrefu na wafupi. Msalimie baba yao. Majirani zako wanaonikumbuka wape salamu, wasionikumbuka waache. Na ukija kwetu, ukaona moyo haukupi kunisalimia, salimia wengine, kula, pumzika, kaa siku upendazo. Mimi nitakuwa jikoni, na sitatoka mpaka uniite.

Ni mimi dada yako,
Mama Mpambaji